Nyumba Iliyovuka Ziwa Kwenda Kugombea

Jimbo letu la uchaguzi liliitwa Soksi. Jina hilo halikutoka serikalini. Tulilitoa wenyewe siku ramani ilipobandikwa ukutani posta, hapa Kessler, tukaizunguka kofia zikiwa mikononi kama watu waliokuja kuaga maiti, mpaka Butch Rademacher, fundi wa kuhamisha nyumba, akasema inafanana na soksi mbichi iliyotundikwa kwenye waya. Ikafanana, na tangu hapo haikufanana tena na kitu kingine.

Shingo yake ilianzia mbali kusini, kwenye vitongoji vya watu wa ofisini ambao hawajawahi kukanyaga huku. Ikapanda kaskazini, nyembamba, kando ya barabara kuu, kama mtu anayepita bila kutaka salamu, ikafika kwetu kwenye kisigino. Na kisigino kilichukua nusu ya mji. Nusu tu. Mpaka ulipita katikati ya Barabara ya Kiwanda, kinyozi upande huu, baa upande ule. Kinyozi angeweza kusimama mlangoni kwake, amrushie mwenye baa donge la theluji na kumpata shingoni, lakini kumpigia kura mtu mmoja pamoja naye, hapana. Kutoka hapo soksi ilikunja mguu kuelekea magharibi ikachukua bwawa la kuvunia beri nyekundu, mahali ambapo hakai mtu, korongo tu, na hata hao korongo nina wasiwasi waliandikishwa.

Msiniambie ilikuwa bahati mbaya. Mstari haujichori wenyewe. Kuna mtu aliketi mji mkuu, Madison, mbele ya kompyuta na kikombe cha chai, akajiuliza: hawa watu wa kiwandani niwagawe wapi ili wasifike popote? Akapata jibu, akaenda kula chakula cha mchana.

Kabla ya soksi tulikuwa mraba. Msitu wa misonobari kaskazini, mashamba ya viazi kusini, kiwanda cha karatasi na harufu yake katikati, Ziwa Marten magharibi. Watu wa msituni, wa viazi na wa kiwandani walinuna pamoja na kupiga kura pamoja. Enzi za babu yangu mraba huo ulimpeleka bungeni Gust Halonen, mpishi wa kambi ya wakata miti, ambaye inasemekana alihutubia kofia ikiwa kichwani na kijiko mfukoni. Wakampeleka tena, na tena, mpaka kampuni ya karatasi ikachoka.

Kilichofuata nilikiona kwa macho yangu, nikiwa ndiyo kwanza nimeanza shule. Wafanyakazi waligoma majira ya baridi, na kampuni ikawafukuza kwenye ardhi yake. Ardhi ilikuwa ya kampuni. Nyumba zilikuwa za watu, wamezijenga kwa mbao zao. Basi wakaondoka nazo. Waliziinua kwa jeki, wakazifunga juu ya magogo, na matrekta ya msituni yakazivuta juu ya barafu ya ziwa hadi ng'ambo ya magharibi, ambako mkulima mmoja aliwapa pa kukaa. Nilisimama ufukoni na baba nikaangalia mtaa wetu mzima ukiondoka, kila nyumba bomba lake likitoa moshi. Uchaguzi uliofuata mtu wa kampuni alishinda kwa kura za kuhesabika. Haihitaji chuo kuelewa. Kura zilivuka ndani ya nyumba zile. Na wenye kalamu wakajifunza siku hiyo kwamba si lazima umshawishi mpiga kura. Unaweza kumhamisha, na akikataa kuhama, hamisha mpaka.

Soksi ndiyo iliyotuletea Dwight Pfeffer, muuza boti, mbunge wetu. Mara tatu za mwisho hakupata hata mpinzani, kwa kuwa kugombea dhidi yake ndani ya ramani ile ilikuwa sawa na kupanda viazi barabarani. Kila gwaride la sikukuu ya uhuru, tarehe nne Julai, alipita ameketi ndani ya boti iliyofungwa kwenye trela, akiwarushia watu pipi, na mimi nilikuwa juu ya ngazi yangu mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, nikimwuliza kwa sauti ya kufika hadi kanisani: "Dwight, nani kakuchagua, mwenye kura au mwenye kalamu?" Alikuwa ananipungia mkono. Mwaka mmoja alirusha pipi ikanipata jichoni. Akasema ni bahati mbaya. Nimeshasema ninavyoziamini bahati mbaya.

Halafu mahakama ikazitupa ramani zote na kuamuru zichorwe upya. Wachoraji wakaja hadi kwenye ukumbi wa zimamoto hapa Kessler kusikiliza wananchi, jambo ambalo halijapata kutokea. Mji mzima ulijaa mle. Tulikuwa na ombi moja, na kila mtu alilisema kwa zamu yake mpaka wale wageni wakatuomba tufupishe: turudishieni mraba wetu, na ziwa liwe mpaka. Ng'ambo ya ziwa siku hizi ni majumba ya mapumziko, madirisha makubwa na wenyewe wanaokuja wiki mbili za Agosti. Hatukutaka kushirikiana nao hata mbu. Wachoraji wakaandika. Na safari hii, kwa maajabu ya dunia, walitusikiliza. Ramani ikatoka na msitu, na viazi, na Kessler nzima bila kukatwa, na mpaka unapita katikati ya Ziwa Marten sawasawa na tulivyoomba.

Tulikunywa brandi. Mgombea tulikuwa naye tayari: Verna Kolpack, dereva wa gari la kaunti la kusukuma theluji, msimamizi wa karamu ya samaki ya kila Ijumaa pale ukumbi wa kanisa, mwanamke ambaye amewavuta watu wa vyama vyote kutoka mtaroni bila kuwauliza walimpigia nani. Kwa mara ya kwanza tangu Halonen tulikuwa na mraba na tulikuwa na mtu wa kuuwakilisha.

Ni Verna mwenyewe aliyeuliza. Tulikuwa jikoni ukumbini, anakatakata kabichi ya karamu, sisi tunamhutubia jinsi atakavyohutubia. Kisu kikasimama.

"Hivi mimi," akasema, "ninalala upande gani wa ziwa?"

Katika nyumba zilizovuka wakati wa mgomo imebaki moja tu, nyumba ya buluu ya mama yake, Bi Irma, imebanwa kati ya majumba ya mapumziko kama abiria wa katikati kwenye basi. Tulimhesabu Verna kuwa wa Kessler kwa sababu ni wa Kessler: kasoma hapa, anasali hapa, anafanya kazi hapa, anagombana hapa. Hakuna aliyekumbuka kwamba jioni huwa anazunguka ziwa kwenda kulala. Tulipanga foleni pale zimamoto, tukaiomba serikali kwa adabu imkate mgombea wetu, na serikali ikatukubalia.

Sheria haina maneno mengi: anayegombea jimbo awe mkazi wa jimbo. Watu wote walimwambia Verna apange chumba mjini, mambo yaishe. Verna akasema haiwezekani. Mama yake ana miaka tisini na haoni vizuri, hawezi kulala peke yake, na kutoka kwenye nyumba ile hataki kusikia. Walishajaribu kumshawishi ndugu zake, padri na daktari, na kila mmoja aliondoka na keki mkononi na bila jibu. Kama ni kuchagua kati ya bunge na mama, Verna alisema, bunge limwie radhi.

Nikatumwa mimi, kwa kuwa nina maneno.

Nilimkuta Bi Irma jikoni kwake, kavaa sweta mbili, anakunywa kahawa kwenye kisahani kama walivyofanya wazee wao. Nilizungumza kwa urefu. Nikaanza na Halonen, nikapita kwenye mgomo, nikaeleza Soksi na mraba na haki ya mtu anayefanya kazi. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo silipati mara nyingi. Kisha akanieleza kwamba aliingia mlango ule akiwa bibi harusi, kwamba marehemu mumewe, Stanley, aliujenga kwa mikono yake, kwamba watoto wote walizaliwa chumba kile pale, na kwamba atatoka kwa kubebwa.

"Halafu ninyi ndio mliotaka ziwa liwe mpaka," akasema. "Nilisikia redioni. Wewe Ervin uliongea kuliko wote."

Nikakubali.

"Ukasahau nyumba hii ilikotoka."

"Sikusahau, Bi Irma. Nilikuwepo. Niliiona ikipita."

"Basi njia yake unaijua." Akamimina kahawa nyingine kwenye kisahani. "Ilikuja kwa kuvutwa. Ivuteni tena. Mimi nitakaa hapa hapa."

Nikarudi mjini nikiwa na keki, ila safari hii na jibu pia.

Kwa barabara isingewezekana. Daraja la mtoni ni jembamba, nyumba isingepita hata ukiinyoa pembe. Ilikuwa barafu au basi. Kiwanja kilikuwepo: kampuni ya karatasi ilipofunga milango, chama cha wafanyakazi kilinunua ile safu ya zamani ya viwanja karibu na zimamoto, na misingi ya mawe ya nyumba zilizoondoka bado ilikuwa imekaa kwenye majani kama meno ya mzee. Msingi wa Kolpack tuliujua. Tatizo lilikuwa ni hali ya hewa. Februari ilikuwa inaisha. Butch alitoboa barafu hapa na pale, akaingiza fimbo, akasema unene unatosha kwa sasa, lakini upepo wa joto uko njiani. Karatasi za wagombea zingepokelewa majira ya kuchipua. Barafu ikiondoka kabla ya nyumba kuvuka, Verna hayumo, mwingine wa kusimama badala yake hatuna, na Pfeffer anapita tena peke yake, safari hii ndani ya mraba wetu wenyewe. Nililiona hilo usiku kwenye ndoto na nilimfokea ndotoni.

Tulianza Ijumaa asubuhi. Butch na nduguze walikuwa wameinua nyumba kwa jeki, wakapitisha vyuma viwili virefu chini yake na kuuweka mzigo wote juu ya mbao nene zilizochongwa kama mapua ya sleji, lile gari la kuburuzwa kwenye theluji. Matrekta yalitangulia mbele kabisa kwa minyororo mirefu, yakiwa yameachana, uzito usikae pamoja. Njia tuliiwekea alama kwa miti ya Krismasi iliyotupwa, kama tunavyofanya kila mwaka kwa njia za wavuvi. Katikati ya ziwa, pale penye mpaka, nilipanda mti mrefu kuliko yote, bado una kipande cha utepe wa dhahabu. Butch aliuliza ule wa nini. Nikamwambia ni wa historia. Akasema historia isogee upande kidogo, trekta lipite.

Bi Irma alikuwa ndani. Butch alimwomba ashuke. Alisema alivuka mara ya kwanza akiwa ndani, tena mjamzito, na hakuna fundi atakayemfundisha leo. Kwa hiyo nyumba ya buluu iliteremka ufukoni, ikaingia ziwani na moshi kwenye bomba, ikielekea mashariki kwa mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza, na yeye dirishani akituelekeza. Watu wa Kessler walitembea pembeni kama vile ni gwaride. Wengine walikuja na mbwa. Mimi nilitembea mbele, na sitaficha kwamba niliimba.

Saa kumi jioni nyumba ilikuwa katikati kabisa. Mti wangu wa Krismasi ulikuwa usawa wa kizingiti. Jiko lilikuwa limeshaingia jimboni. Chumba cha kulala kilikuwa bado nje. Na hapo ndipo matrekta yalipozimwa, moja baada ya jingine, kwa sababu ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima.

Mtu asiyekuwa wa hapa atauliza kuna nini. Kuna samaki. Ijumaa saa kumi mafuta yanakuwa yamechemka, na hakuna mtu wa Kessler, Mkatoliki, Mlutheri au asiye na dini kama mimi, ambaye amewahi kuwa mahali pengine. Verna, ambaye nyumba ni yake na maisha ni yake, alikuwa wa kwanza kuangalia saa: yeye ndiye msimamizi, ufunguo wa jiko uko shingoni kwake, na watu wa mashamba ya viazi walishaanza kupaki magari. Alisema nusu saa tu. Butch alisema barafu haiendi popote Ijumaa. Madereva wakayafungua matrekta, wakayaendesha hadi ufukoni, wakayapanga vizuri nje ya ukumbi kama farasi. Bi Irma aliahidiwa sahani yake, akaagiza maandazi ya viazi badala ya viazi vya kukaanga.

Pfeffer alikuwepo, bila shaka. Hajawahi kukosa. Alikaa meza ya dirishani na sahani yake ya pili, akiangalia nyumba ile ziwani, na kumwonyesha meno ya tabasamu kila aliyepita. Nilikaa mbali naye kwa makusudi, mahali ambapo angeniona nimekaa mbali naye.

Nilikuwa nauma kipande changu cha mwisho wakati ziwa liliponguruma. Kwa anayelijua, barafu huongea majira yote ya baridi, huwezi kushtuka kila ikikohoa. Lakini ule ulikuwa mlio wa lori limemwaga magogo. Upepo uliogonga madirisha ulikuwa vuguvugu. Tukatoka wote nje, uma mikononi. Karibu na ufuko wetu, kutokea mdomo wa mto, barafu ilikuwa imepasuka ufa mrefu, upana wa mlango, maji meusi yanapanda na kutanda juu. Nyumba ilikuwa upande wa pili wa ufa. Matrekta yalikuwa upande huu. Butch alikwenda pembeni, akakanyaga, akarudi haraka. Alisema huko katikati bado pagumu, patabeba nyumba kwa muda, ila hakuna trekta litakalokanyaga ukingo ule tena mwaka huu.

Verna hakungoja. Alichukua boti bapa ya wavuvi, akaisukuma mbele yake kama toroli, akavuka nayo ufa na kukimbia hadi kwenye nyumba. Tulimwona akipanda ngazi ya jikoni, tukamwona dirishani akipiga magoti mbele ya kiti cha mama yake. Aliporudi mlangoni alitupigia kelele, na upepo ulizileta zote.

"Acheni nyumba. Ugombea basi. Njooni mnisaidie kumtoa mama."

Na nyuma yake sauti ya Bi Irma, kavu, ikiuliza yako wapi maandazi yake ya viazi.

Niligeuka kumtafuta mtu wa kumlaumu, kama kawaida yangu, na nikamwona Dwight Pfeffer anatoka ukumbini akijifuta vidole kwa karatasi, anaelekea kwenye gari lake. Aliondoka bila kuangalia nyuma. Nikawaambia watu wamtazame vizuri. Nikasema huyo anakwenda kulala usingizi mtamu, kwa sababu ufa ule umemfanyia kazi ambayo zamani ilifanywa na kalamu. Nilisema mengine pia ambayo wanawake wa kanisa waliniomba nisiyarudie.

Bado nilikuwa nayasema aliporudi.

Alikuja na lori lake kubwa la kutolea boti majini, lenye winchi nyuma, waya wa chuma umezungushwa kwenye gurudumu lake nene kama paja. Akalirudisha nyuma hadi kwenye sakafu ya mawe ya bandari ya boti, akafunga magurudumu kwa minyororo kwenye nguzo, akashuka na viatu vyake vya kanisani. Akavuta ncha ya waya hadi nilipokuwa nimesimama, akanikabidhi.

"Shika, Ervin," akasema. "Mwenye mapafu kama yako hashindwi kubeba waya."

Nikaushika. Lakini miguu haikuondoka.

"Dwight, unajua unachotaka kukivuta?"

"Najua. Mpinzani wangu."

"Akibaki ziwani unapita bure."

"Nimepita bure mara tatu." Alikuwa anavaa glavu, ananiangalia. "Na wewe kila Julai unaniuliza mbele ya mke wangu nani kanichagua. Basi na mimi nataka kujua."

Butch akatukatiza, akasema kama tunataka kufanya mdahalo tufanye huku tunatembea. Tulivuka ufa kwa boti na mbao, waya unatulemea mabegani, Butch akaufunga kwenye vyuma vya chini ya nyumba. Nduguze wakaleta yale magogo manene ya kupandishia mzigo, wakayalaza juu ya ufa bega kwa bega kama daraja. Nikapanda ngazi ya jikoni nikamwambia Bi Irma kwamba safari hii ni hatari kweli, ashuke, atarudi ndani tukifika. Akaniuliza nani anavuta. Nikamwambia. Akafikiri kidogo.

"Mtoto wa Lorraine Pfeffer," akasema. "Mama yake hakuwa mtu wa kutupa kitu. Kaa chini, Ervin, unaniziba mwanga."

Winchi ikaanza. Waya ulinyooka, ukalia, na nyumba ikang'oka pale ilipokuwa imeanza kuganda. Ilipita kwenye mti wangu wa Krismasi kwa upole, ikaulaza chini, na chumba cha kulala cha familia ya Kolpack kikaingia jimboni. Nilikuwa ndani, nimekaa kwenye kiti cha marehemu Stanley, na nilipiga makofi peke yangu. Verna hakupiga, alikuwa amekumbatia kabati la vyombo kwa mikono miwili. Tulipofika kwenye ufa, pua ya sleji ilipanda juu ya magogo, maji yakachungulia kati yake, nyumba ikainama upande wa jikoni, vikombe vyote vikahamia upande mmoja wa rafu kama wapiga kura. Halafu ikakaa sawa. Jua lilikuwa bado halijazama tulipogusa mawe ya ufuko, na ufukoni watu walikuwa wanapiga kelele na uma juu, na mwanamke mmoja wa jikoni alikuwa amesimama mbele kabisa na sahani iliyofunikwa.

Siku tatu baadaye nyumba iliketi juu ya msingi wake wa zamani. Ilikosa kukaa sawa kidogo tu. Mawe yalikuwa yameitunzia nafasi. Bi Irma alifungua mlango, akasimama kizingitini na kuangalia Barabara ya Kiwanda baada ya maisha yote yale. Sisi tulikuwa tumejipanga chini tukisubiri neno. Akasema posta wameipaka rangi mbaya. Akarudi ndani.

Sitawaambia kampeni ilikuwa safi, kwa sababu mimi nilikuwemo. Lakini ilikuwa kampeni. Pfeffer, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe kisiasa, alitembea nyumba kwa nyumba, akalowa jasho, akaumwa na mbwa wa mashamba ya viazi, akaulizwa maswali na akajibu mengine. Verna alipeleka gari la theluji mahali ambapo hapakuwa na theluji, ili watu wamtambue. Walikabiliana mara mbili kwenye ukumbi wa zimamoto, na mara zote mbili Bi Irma alikaa mstari wa mbele, ng'ambo ya barabara tu kutoka kwake, akasinzia upande wa wote wawili bila upendeleo.

Asubuhi ya uchaguzi alivuka barabara kwa miguu, mkono mmoja kwa Verna, mkono mmoja kwa fimbo, kwenda kupiga kura Kessler kwa mara ya kwanza tangu kampuni imfukuze. Chumba kizima kilisimama. Alikaa ndani ya kile kibanda muda mrefu mpaka msimamizi wa uchaguzi akakohoa. Alipotoka nilimwuliza taratibu, kama rafiki, kamchagua nani.

"Kura ni siri, Ervin," akasema. "Lakini yule kijana alinivuta vizuri."

Nimekosa usingizi kwa ajili ya sentensi hiyo. Verna alishinda. Alishinda kwa kura chache kiasi kwamba zilihesabiwa tena, na zilipohesabiwa tena akashinda kwa chache zaidi, lakini alishinda, na jimbo la mraba likamtuma mtu wake Madison. Pfeffer alimpigia simu akampongeza, kisha akaja Ijumaa kula samaki kama kawaida. Alisema sasa angalau amepata jibu, ingawa si alilolitaka.

Mnasubiri niseme nimeridhika. Verna hajamaliza mwaka, na daraja la mtoni bado ni jembamba vile vile, na aliahidi kulipanua, nakumbuka siku, nakumbuka na sweta aliyovaa. Kwa hiyo Julai iliyopita nilichukua ngazi yangu, nikaisimamisha mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, na lilipokaribia gari la kusukuma theluji, limepambwa kwa maua, Verna juu yake akirusha pipi na Bi Irma pembeni akizila, nikapanda.

Ngazi ilitikisika. Nikaangalia chini. Pfeffer alikuwa ameishika kwa mikono miwili, kofia ya majani kichwani.

"Ukimaliza swali lako la daraja," akasema, "sogea. Na mimi nina la kwangu."